Nyuzi Arobaini na Mbili

Hogo la plasta lilipokatwa, mkono uliotoka ndani yake niliukana. Mwembamba, mkavu, una magamba kama ng'onda aliyesahauliwa juani. Nikaambiwa nikunje ngumi. Nikakunja kwa moyo wote, vidole vikabaki palepale vinanitazama.

Mimi ni fundi cherehani. Watu hudhani ufundi uko kwenye cherehani, sivyo. Miguu inaendesha, mkono wa kushoto unaongoza kitambaa. Wa kulia ndio wa mkasi, na mkasi ndio unaomtenga fundi na mtu aliyenunua cherehani. Wangu ulivunjika vuli ya 2019, ile vuli iliyomwaga maji hadi barabara za Handeni zikakatika. Bodaboda iliteleza kwenye tope karibu na soko la Mgandini, hapa Tanga mjini, nikatanguliza kiganja kama afanyavyo kila anayeanguka, na mfupa wa kifundo ukalia "ka!" Wiki sita za hogo. Wateja walioniletea vitenge wakaja kuvichukua mmoja mmoja, wengine na pole, wengine na midomo mirefu. Sikuwalaumu. Harusi haimngoji fundi.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa mpira wa kuminya, kisha akaniambia mpira hautoshi. Nitafute kazi ndogondogo ya vidole, itakayonilazimu kubana kitu kati ya gumba na shahada, niifanye kila siku hata kama inauma. Akatolea mfano kuchambua mchele.

Nilikuwa nimehamia kwa mama mkubwa, Ngamiani, kwa sababu hata kujifunga kanga nilikuwa siwezi. Aliposikia habari ya mchele alicheka. "Mchele wa siku hizi umeshachambuliwa na mashine. Ngoja." Akaingia chumbani, nikasikia anasukuma masanduku, akatoka na kopo kubwa la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na shanga. Shanga za miaka na miaka, za vidani vilivyokatika, za vikuku, za watoto waliokwisha kuwa na watoto wao, na nyingine za kiunoni, ambazo sitazieleza hapa. Aliye Tanga anazijua, asiye Tanga aulize kwa adabu. Akazimwaga kwenye sinia.

"Haya, mwanangu. Rangi kwa rangi."

Siku ya kwanza, kwa saa nzima, nilitenga shanga kumi na saba. Nilizihesabu kwa hasira. Ushanga mdogo una tabia ya kuku: ukiufuata unakimbia, ukitulia unakuja wenyewe. Nilijifunza kulowesha ncha ya kidole kidogo tu, niuguse, nao ukanata. Mama mkubwa hakunisaidia hata mmoja. Alikaa kwenye mkeka akisuka ukili, mara moja moja akitupa jicho kwenye sinia na kusema, "Hiyo si kijani, hiyo ni samawati. Itoe."

Katika kubishana naye juu ya rangi ndipo nikatambua jambo ambalo nimelisema maisha yangu yote bila kulisikia. Rangi zetu zimetoka sokoni. Manjano ni ile bizari inayong'ang'ania kwenye kucha. Chungwa ni chungwa. Kijani ni majani. Zambarau ni zile zambarau zinazotuacha na ulimi kama wa mbwa aliyeramba wino. Nili ni ya kutia kwenye kanzu nyeupe. Hata zile zisizo za upinde: kahawia ni kahawa, kijivu ni jivu la mekoni, na ile nyekundu iliyokolea mno mama mkubwa huiita damu ya mzee, na ukimwambia jina jingine anakuuliza umesomea wapi. Samawati peke yake ndiyo haikuuzwa sokoni, ilishuka moja kwa moja kutoka mbinguni na jina lake la Kiarabu. Tatu tu zina neno lao, linalojipinda na ngeli kama maneno mengine yenye asili: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Uzi mwekundu, jicho jekundu, shanga nyekundu. Huwezi kusema "jicho jimanjano".

Nisijisahau, nilikuwa nasema juu ya upinde.

Katikati ya Desemba, baada ya alasiri, jua likiwa limeshaelekea Usambara, mvua ilinyesha huku linawaka. Utotoni tulikuwa tukiimba kwamba simba anazaa. Nikatoka barazani, nikauona upinde upande wa bahari, umesimama juu ya mabati ya mtaa mzima, mnene, umekamilika toka mguu hadi mguu. Mama mkubwa alikuwa kwenye mlango wa uani. Nikamwita, "Umeuona? Mguu umekanyaga mnara wa msikiti." Akasema, "Mnara gani? Mguu uko kwenye mwembe wa jirani." Tukabishana, kila mtu kwa macho yake, hadi mpwa wangu alipotucheka.

Mpwa wangu huyo, binti wa dada, alikuwa amekuja likizo. Amemaliza kidato cha pili, na tayari ameazima kitabu cha fizikia cha mbele. Akatuambia wote tuna haki, kwa sababu kila mtu anaona upinde wake. Upinde si kitu kilichosimama mahali. Ni matone ya mvua mbele yako na jua mgongoni mwako, na mwanga unaingia ndani ya tone, unapinda, unagonga ukuta wa nyuma, unarudi ukiwa umeshagawanyika rangi. Matone yanayonirudishia mimi nyekundu siyo yanayomrudishia mama mkubwa. "Na lazima iwe nyuzi arobaini na mbili," akamalizia.

Mama mkubwa akaacha ukili. "Nyuzi arobaini na mbili? Nani ana shingo ya kuvaa hiyo?"

Nilicheka mpaka mkono ukaniuma. Mtoto alikuwa anasema nyuzi za pembe, mama mkubwa amesikia nyuzi za shanga, na mimi tangu siku ile sijaweza kuzitenganisha. Kwa wanaotaka hesabu yenyewe: ukijiwazia mstari unaotoka kwenye jua, ukapita kichwani mwako na kwenda kwenye kivuli chako, nyekundu ya upinde iko nyuzi 42 kuuzunguka mstari huo, na zambarau iko kwa ndani kidogo, kama nyuzi 40. Ndiyo maana adhuhuri huwezi kuuona upinde ukiwa umesimama ardhini. Jua liko juu mno, upinde wote umezama chini ya upeo. Kwetu Tanga jua linapanda na kushuka karibu wima, kwa hiyo zamu ya upinde ni asubuhi kabla ya saa tatu hivi, halafu kuanzia saa tisa na nusu hadi magharibi. Yaani upinde wa jioni unaadhiniwa. Nikisikia alasiri na kuna wingu, natoka nje.

Jioni ile nilifanya kosa ambalo limenifaa kuliko mengi niliyofanya sawa. Kulikuwa na kanga za mama mkubwa zimefuliwa, zimelala kwenye beseni zikingoja mvua ipite. Nilipouona upinde nikasema basi, mvua imekwisha. Kila mtu anajua upinde ukitoka mvua imekwisha. Nikaenda uani kuanika, na nikagundua kwamba nafungua vibanio kwa mkono wa kulia. Kibanio cha plastiki, kile chenye chemchemi, ambacho wiki mbili nyuma nilikuwa siwezi kukibana hata kwa meno yamekazwa. Kanga saba, vibanio kumi na vinne. Nilitaka kupiga vigelegele peke yangu.

Sijamaliza hata robo saa, mvua ikaja. Siyo manyunyu. Ilikuja na sauti yake juu ya mabati kutoka upande wa bahari, ikalowesha kanga zote saba na mimi niliyekuwa nakimbilia kuzianua kwa mkono ule ule wa vigelegele.

Mama mkubwa alinipa taulo, akaniketisha. "Wee mwana wa pwani gani," akasema. "Upepo wetu unatoka wapi?" Baharini. Kaskazi unatoka baharini, kusi unatoka baharini. "Basi upinde wa asubuhi unasimama magharibi, kule milimani, mvua hiyo imeshakupita. Upinde wa jioni unasimama baharini. Huo ni mvua inayokuja, mwanangu. Ila imepigwa jua."

Tangu hapo upinde niliokuwa naujua uliharibika. Nilikuwa nimeuweka mwisho wa habari, kama nukta: shida, mvua, upinde, kwisha. Kumbe hautoki mvua ikiisha. Mvua ikiisha hakuna upinde, hakuna matone. Unatoka ikiwa inanyesha bado, na wakati mwingine inanyeshea kwako. Jirani yetu wa ukuta wa pili, Msambaa wa Lushoto na Mkristo wa kweli, nilipomsimulia alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Akasema hata kwenye habari ya Nuhu, Mungu hakuahidi kwamba mvua haitanyesha tena. Aliahidi gharika haitarudi kuiangamiza dunia. Mvua ya kawaida, ya kulowesha kanga, hiyo haikuwemo katika agano.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilikuwa na vikombe sita vya shanga zilizochambuliwa na kichwani nina upinde. Kwa fundi, upinde na pindo ni ndugu wa tumbo moja, vyote vimetokana na kupinda. Nimepinda mapindo ya nguo tangu nilipoanza kujitegemea. Nikajiambia nitatunga kidani kipana cha kulala kifuani, nusu duara, rangi saba, kila rangi mistari mitatu. Mistari ishirini na moja. Kwa nini saba, mpwa wangu alinieleza baadaye: Isaac Newton mwanzoni aliandika tano, kisha akaongeza chungwa na nili zifike saba kama sauti za muziki. Kwenye anga lenyewe hakuna mipaka. Lakini dukani shanga zinauzwa kwa rangi, na mtu lazima aanzie mahali.

Cha kwanza nilikitunga kwa wiki nzima, sindano nyembamba na uzi wa nailoni, vidole vikiuma mpaka kwenye kiwiko. Uzi nilikata kwa wembe. Mkasi wangu ulikuwa ndani ya droo, umeviringishwa kitambaa, sikutaka kuutazama. Nilipomaliza nilimvalisha mama mkubwa, nikarudi nyuma hatua mbili nimwangalie.

"Umeupindua," akasema, kabla hata ya kwenda kwenye kioo.

Nilikuwa nimeanza na nyekundu shingoni nikamaliza na zambarau nje. Upinde nyekundu yake iko nje, juu kabisa. Nimeutazama utoto wangu wote, nimebishana juu ya mguu wake, na sikuwa nimeona hilo. Mama mkubwa alikitundika kwenye msumari wa sebuleni, juu ya kalenda, na wageni wakawa wanakisifu, jambo lililonichoma zaidi.

Cha pili rangi zilikaa sawa, lakini kiliinuka. Badala ya kulala kifuani kilisimama kama kikombe. Hapo mama mkubwa, msusi wa makawa ya kufunikia chakula, alinipa somo bure: "Umefuma kawa." Kawa linainuka kwa sababu msusi anaunyima ukili urefu, akitaka kitu kilale kama mkeka wa duara anauongezea. Kila mstari ulio nje ni mrefu kuliko ulio ndani yake, hilo mtoto yeyote wa shule anajua, lakini mimi nilikuwa natunga kwa macho. Kwa shanga zangu namba 11 na nusu duara, kila mstari unadai shanga nne au tano zaidi ya uliotangulia. Ukiongeza pungufu kinainuka, ukizidisha kinakunjamana kama marinda. Na kwa kuwa nyekundu iko nje, nyekundu ndiyo inayokula shanga nyingi kuliko zote. Nilikuwa nimenunua pakiti sawasawa kwa kila rangi, nikabaki na zambarau za kugawa na nyekundu zimeniishia mstari wa ishirini. (Namba za shanga nazo ni kinyume: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ushanga unavyokuwa mdogo. Namba 8 ni kubwa, namba 11 ni ndogo kama punje ya mtama mwembamba. Nilinunua vibaya mara mbili kabla ya kuamini.)

Cha tatu kililala. Shanga karibu elfu tano, mistari ishirini na moja, nyekundu nje. Lakini ukikitazama kilikuwa bendera. Rangi zilikuwa zimepangwa kama watu kwenye foleni, kila mmoja hataki kumgusa mwenzake. Nilitoka mara kadhaa baada ya alasiri kungoja upinde ili niuone mpaka wa chungwa na manjano uko wapi, na kila ulipotoka sikuuona. Haupo. Ndipo nikajaribu kitu: mstari wa mwisho wa nyekundu, kila baada ya nyekundu tatu napenyeza chungwa moja. Mstari wa kwanza wa chungwa, kila baada ya chungwa tatu nabakiza nyekundu moja. Ukiwa karibu unaona madoadoa, unadhani mtu amekosea. Ukisogea hatua tatu jicho linazichanganya lenyewe. Hiki ndicho kitu pekee katika kazi hii ninachoweza kujisifia kwamba nilikipata bila kuambiwa na mtu, na mpaka leo nikiona kazi ya mwingine yenye upinde wa bendera, mkono unaniwasha.

Hicho nilikiuza shilingi 35,000, kwa mama mmoja wa Chumbageni aliyekuwa anaenda harusini. Februari, joto la Tanga mnalijua. Alicheza, akatoka jasho, na zambarau ikafanya kazi yake ya zambarau: ikatia doa. Gauni lilikuwa jeupe. Alirudi kwangu Jumatatu asubuhi akiwa na gauni ndani ya mfuko na kidani mkononi, na mistari mitatu ya ndani imekuwa kama maziwa.

"Shikamoo" yangu aliipokea, hilo nilimshukuru. Nilirudisha pesa zake na gauni nikamfulia mwenyewe, halikutoka. Baadaye nikajua kilichotokea. Kuna shanga ambazo rangi yake ni kioo chenyewe. Hizo zitavaliwa na vitukuu. Kuna nyingine ni kioo kitupu kilichopakwa rangi juu, au kupakwa ndani ya tundu, na zambarau na waridi ndizo zinazopakwa zaidi, kwa sababu ni ngumu kuzipata katika kioo. Sasa sinunui zambarau bila kuijaribu. Nachukua chache, nusu nazilaza usiku kucha kwenye maji ya sabuni, nusu naziacha juani juu ya bati wiki nzima, na moja naisugua kwa pamba yenye dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ikiacha hata kivuli kwenye pamba, nairudisha. Wauza shanga wamenizoea. Mmoja huniita polisi. Zinazonitii mara nyingi ni za Ucheki, au za Kijapani ambazo bei yake inatia baridi.

Mapema mwezi wa Machi duka moja la vitu vya watalii Dar es Salaam likaona picha, likaagiza vidani vinane na vikuku arobaini. Nikaita wanawake wawili wa mtaani tukatunga usiku na mchana. Mwenye duka alitaka mali kauli: nimpe kwanza, auze, anilipe. Nikampa. Katikati ya mwezi huo huo korona ikatangazwa nchini, watalii wakakatika, na simu ya mwenye duka ikakatika nayo. Sijalipwa mpaka leo ninapoandika. Wanawake wale wawili nililazimika kuwalipa kutoka kwenye zamu yangu ya kijumbe, ule upatu wetu wa mtaani, na mmoja wao hakuniamini kwamba nami sikupata kitu, na kwa nini aniamini. Sitasema mengi juu ya hili. Mali kauli ni kauli. Sasa natoa mzigo nusu ya pesa ikiwa mkononi, na anayekataa namwachia shingo yake.

Jambo moja tu lilinifariji, nalo si la kufariji sana. Karne ya 19, misafara iliyokuwa ikitoka Bagamoyo na Pangani kwenda bara ilibeba shanga kama fedha, nyingi kutoka Venice, na kila nchi ya bara ilikuwa na rangi yake inayoitaka mwaka huo. Nyekundu za samesame zilikuwa na soko lake. Aliyefika na rangi isiyotakiwa alikuwa amebebesha watu kioo kwa miezi kadhaa bure. Nikawawaza wale wapagazi na mizigo yao. Vidani vyangu vinane angalau vilipanda basi.

Masika ya 2020 tulikaa ndani. Shule zimefungwa, mpwa wangu yuko kwetu, hakuna harusi, kwa hiyo hakuna anayeshona wala anayevaa. Mama mkubwa alisuka makawa kumi na moja ambayo hakuna aliyeyanunua. Mimi nilifungua vidani vya zamani nikavitunga upya, kwa ajili ya vidole tu. Kutunga ni neno la ajabu. Tunatunga shanga, tunatunga mashairi, samaki wanatungwa kwenye mtungo, na mimba inatungwa, na katika yote hayo hakuna anayeona uzi ukishamaliza kazi yake.

Siku moja mwezi wa Mei, adhana ya alasiri imetoka, kusi inavuma, mpwa wangu akapiga kelele kutoka nje. Tukatoka wote watatu. Safari hii sikuangalia kamba ya nguo kwanza. Nguo nilikuwa nimeshazianua.

Ilikuwa miwili. Ule tunaoujua, umewaka kama moto wa mkaa, na juu yake, mbali kidogo, mwingine mpana zaidi na hafifu, kama umefuliwa mara nyingi. Kati ya miwili hiyo anga lilikuwa jeusi kuliko sehemu nyingine yoyote. Mpwa wangu akasema ukanda ule wa giza una jina la mtu, Alexander wa Aphrodisias, aliyeuandika yapata miaka 1,800 iliyopita. Upinde wa pili, akasema, ni mwanga uliogonga mara mbili ndani ya tone kabla ya kutoka, ndiyo maana umefifia, na uko kwenye nyuzi 51.

"Nyuzi zimeongezeka," akasema mama mkubwa.

Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Nikahesabu kwa kidole, chini chini, kwa kuwa mama mkubwa hapendi upinde unyooshewe kidole. Upinde wa juu nyekundu yake iko ndani. Zambarau iko nje. Niliutazama tena, nikidhani macho. Umepinduka.

Nikaingia ndani. Kidani cha msumarini kilikuwa na vumbi la miezi mitano. Nikakishusha, nikakilaza juu ya meza, nikakichukua kizuri kimoja nilichobaki nacho nikakiweka chini yake. Havikukutana; cha msumarini kilikuwa kidogo, shingo yake ni ile ile ya mwenzake, hakiwezi kumzunguka. Ilibidi kitungwe upya, kipana zaidi, na katikati iingie kijivu ya mawingu. Mpwa wangu akapiga hesabu kwenye daftari: ukifuata vipimo vya angani, ukanda wa giza ni mpana kama mara nne ya upinde wa ndani, kwa hiyo mistari themanini na minne ya kijivu. "Hiyo itafika magotini," nikasema. Tukakubaliana tisa.

Wembe sikuuona. Nilifungua droo, nikafungua kitambaa. Mkasi ulikuwa umeota kutu kidogo kwenye bawaba. Nikauingiza vidole, gumba kwanza, nikaufungua, ukagoma, nikaufungua tena. Nikakata uzi wa ndani, wa nyekundu, halafu unaofuata.

Shanga zilimwagika kwenye sinia kwa sauti ya mvua ya kwanza juu ya bati. Mama mkubwa akavuta kigoda, akatafuta miwani yake kifuani, akaivaa.

"Nyekundu niachie miye," akasema.